Kuchora kompyuta, seva na umeme kwenye mchoro wa kazi: somo la Unguja gizani

Ukisoma IT au biashara lazima utaambiwa uchore mchoro wa mchakato, yaani picha inayoonesha kazi inaanzia wapi, inapita kwa nani na inaishia wapi. Tatizo wengi wanachora watu na hatua tu. Kompyuta, laini ya intaneti na umeme vinaachwa nje, kana kwamba kazi inaelea hewani.

Sisi wa Unguja tunajua matokeo yake. Umeme wetu unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Waya wa kwanza ulilazwa 1980. Mei 2008 kisiwa kilikaa gizani kwa takriban wiki 4. Desemba 2009 ukakatika tena mpaka Machi 2010, miezi 3 jamani! Kumbe si taa tu, hata pampu za maji zilisimama. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013.

Sasa tuchukue mfano wa nyumba ya wageni Mji Mkongwe. Mgeni anatuma ombi, mhudumu anaangalia chumba, anathibitisha, mgeni analipa. Hatua 4, safi. Lakini kuangalia chumba kunahitaji programu, programu imo kwenye kompyuta, na kompyuta inataka umeme. Hayo yote utayachora vipi? Njia ziko 3.

1. BPMN (ilitoka 2004, toleo la 2.0 likaja 2011). Kila kazi ni boksi lenye kona za mviringo. Kazi ya mtu anayetumia mfumo inawekewa alama ya mtu, kazi ya mfumo wenyewe alama ya gia, na hifadhi ya data ni silinda. Ila seva na jenereta hazina alama yake humu.

2. UML. Ina mchoro ambao kila kifaa ni boksi la mchemraba, na programu inaandikwa ndani ya kifaa inamokaa. Unafaa kwa seva na mitambo, ila hauoneshi mhudumu anafanya nini.

3. ArchiMate (kiwango cha The Open Group tangu 2009). Ina tabaka 3 za msingi: biashara juu, programu katikati, teknolojia chini, na mishale inaonesha kipi kinahudumia kipi. Toleo la 3.0 la 2016 liliongeza vitu vya kushikika kama mitambo, majengo na mitandao ya usambazaji. Kwa hiyo hata jenereta na waya wa Fumba vina pa kukaa.

Usirundike yote kwenye karatasi moja, hutaelewa kitu. Chora hatua kwanza, halafu shusha mstari kutoka kila hatua hadi kifaa inachokitegemea. Kisha uliza: hiki kikizimika, hatua zipi zinasimama? Mistari yote ikiangukia boksi moja, hapo ndipo roho ya biashara ilipo. Chora na njia ya pili: UPS ya kukupa dakika chache uhifadhi kazi, jenereta ya masaa, na daftari la karatasi kwa siku mbaya zaidi.

Haya wadau, anzeni na hiyo kafe mliyokaa sasa hivi. Umeme ukikatika, nani anajua umebakisha dakika ngapi?