Urefu

Muulize Mswahili neno ng'ombe lina urefu gani, atahesabu: n, g, ritifaa, o, m, b, e. Saba. Iulize lugha ya programu iitwayo Rust, nayo itasema saba, lakini usishangilie. Andika ritifaa hiyo kwa ile alama iliyopinda, ambayo programu za uandishi hupenda kuichomeka zenyewe bila kuulizwa, na jibu litakuwa tisa. Rust haihesabu herufi bali baiti, na alama ya kupinda hula baiti 3 katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kama baiti.

Kwa ndani, maandishi yanayobadilika katika Rust ni namba tatu tu: anwani ya mahali baiti zilipo kwenye kumbukumbu, urefu, na nafasi. Wanaoanza huchanganya hizo mbili za mwisho. Debe la lita 20 lenye maji lita 7 bado ni debe la lita 20. Chukua ng'ombe wetu wa kawaida: urefu 7, nafasi 7. Ongeza alama ya mshangao. Hakuna pa kuiweka. Programu huomba nafasi mpya, kwa kawaida maradufu, yaani 14, na huenda baiti zote zikahamishwa na anwani ikabadilika. Baiti sita zinazofuata huingia bila usumbufu wowote.

Enyi mnaotafsiri masomo ya programu, panapotajwa urefu huo andikeni "idadi ya baiti". Urefu waachieni mafundi cherehani.