Kisu na Subira

Historia ya matibabu ya thairoidi, tezi iliyo shingoni, inafundisha kwamba ustadi wa kukata hauna budi kuandamana na hekima ya kutokata. Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, aliufanya upasuaji wa rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, kuwa salama. Lakini mwaka 1883 alitangaza kwamba wagonjwa aliowaondolea tezi nzima walizorota mwili na akili. Akaacha kuiondoa yote kwa rovu la kawaida, na mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel.

Korea Kusini ilijifunza upya somo hilo. Altrasaundi ilipoenea, kiwango cha saratani ya thairoidi iliyogunduliwa mwaka 2011 kilifika mara 15 ya kile cha 1993, ilhali vifo havikubadilika. Wengi walikatwa tezi, wakabaki kumeza vidonge maisha yao yote. Yupo atakayesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hoja hiyo ina uzito, kwani zipo saratani kali. Lakini Hospitali ya Kuma mjini Kobe, Japani, ilianza mwaka 1993 kufuatilia saratani ndogo zisizozidi sentimita 1. Nyingi hazikukua, na zilizokua zilikatwa kwa mafanikio. Subira yenye macho si uzembe: ni tiba.