Suffolk, kaunti ambako bahari ilimeza mji

Kaunti ya Suffolk iko mashariki mwa Uingereza, ukingoni mwa Bahari ya Kaskazini. Makao yake makuu ni mji wa Ipswich. Watalii huifuata kwa ajili ya fuo na miji yake ya kale, lakini mwenye siku moja tu afadhali aanzie Dunwich, mahali ambapo karibu hapana cha kutazama.

Katika karne ya 11, Dunwich ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Uingereza. Dhoruba za 1286 na 1328 zilibomoa nyumba na kuiziba bandari kwa mchanga na kokoto. Biashara ikahama, nao ukingo wa pwani, ambao ni wa mchanga mwepesi, ukazidi kumomonyoka. Ajabu ni kwamba kijiji kilichosalia kiliendelea kupeleka wabunge wawili London hadi mageuzi ya 1832. All Saints, kanisa la mwisho kati ya yale ya kale yaliyokuwa ukingoni, liliporomoka baharini kipande kwa kipande mwanzoni mwa karne ya 20. Leo yapo magofu ya makao ya watawa ya Greyfriars, makumbusho madogo, na masimulizi kwamba kengele husikika zikilia chini ya maji.

Kusini mwake, katika mji wa Aldeburgh, jumba la baraza lililojengwa karne ya 16 lilikuwa mbali na maji. Sasa liko hatua chache tu kutoka ufuoni.

Bara, Lavenham uliponea chupuchupu kwa namna nyingine. Ulitajirika kwa nguo za sufu, ukajenga kanisa lenye mnara wa mita 43. Biashara hiyo ilipodorora, wakazi hawakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya. Hivyo ufukara ndio uliozihifadhi nyumba zake za mbao, zilizopindapinda, ambazo wageni huzipiga picha.

Karibu na Woodbridge kuna Sutton Hoo. Mwaka 1939, Basil Brown, mwanaakiolojia aliyejifunza mwenyewe, alifukua hapo kaburi la karne ya 7 lenye merikebu ya mita 27. Mbao zilikuwa zimeoza. Zilibaki alama zake mchangani na safu za misumari ya chuma. Mwenye shamba, Edith Pretty, alilitunuku taifa hazina yote, nayo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza, London.