Mama wa Kituku na Makusanyiko ya Serikali

Ukishuka asubuhi na mapema mpaka Kituku, pale Goma kando ya ziwa Kivu, utaona mashua zinafika toka Minova, toka Kalehe na toka kisiwa cha Idjwi, zimejaa ndizi, mihogo, maharagi na makala. Wanaoshusha mizigo ni vijana wanaume. Lakini mali yenyewe ni ya nani? Sehemu kubwa ni ya wanawake. Wao ndio wanaonunua, wanaokopa, wanaopatana bei na kulipa nauli. Hata sambaza, wale samaki wadogo wanaolisha mji mzima, hushikwa usiku na wanaume na kuuzwa mchana na wamama. (Kumbe sambaza nao si wenyeji wa ziwa hili: waliletwa toka ziwa Tanganika mwaka wa 1959.)

Basi tuulize: mama huyu, anayebeba biashara ya mji kichwani mwake, alisimama wapi mbele ya sheria ya inchi? Maana makusanyiko makubwa juu ya haki za mwanamke yamekuwa mengi, nayo tutayasimulia. Lakini tukitaka kuyapima vema, tuyapime na kikapu chake.

Tuanze mbali. Dekreti ya 2 Agosti 1913, juu ya wafanya biashara, ilisema kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kuwa mfanya biashara pasipo ruhusa ya mume wake. Wabelgiji waliileta toka kwao, ambako sheria ilimhesabu mke karibu kama mtoto. Tena katika miji ya wakati wa ukoloni mwanamke aliyeishi peke yake alitozwa kodi yake mwenyewe, hata mjane mwenye heshima akahesabiwa pamoja na malaya. Huko Usumbura, katika miaka ya 1950, wanawake Waislamu waliikataa kodi ile kwa ukali, kwa sababu iliwatukana. Katika “foyers sociaux” wanawake walifundishwa kushona, kupika na kutunza watoto: mambo mema yote, lakini hesabu ya duka haikuwa shabaha yake.

Uhuru ulipokaribia, wanaume peke yao walipiga kura ya Mei 1960. Mwaka wa 1966 Sophie Kanza akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri, na katiba ya 1967 ikawapa wanawake kura. Hapo mtu angefikiri mlango umefunguka. Sivyo. Tarehe 1 Agosti 1987 ilitoka Sheria ya Jamaa, na kifungu chake cha 448 kilisema mke apate ruhusa ya mume kwa kila tendo la sheria ambalo linamfunga kufanya kazi yeye mwenyewe. Yaani yule wa 1913 alirudi, amevaa nguo ya kizaïrois. Naona hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Mwanamke aliweza kupiga kura ya kumchagua mbunge, lakini mkono wake haukutosha kutia sahihi kwenye mkataba wa kazi.

Vita ndivyo vilivyoamsha makusanyiko. Mwezi wa Februari 2002 wanawake wa Kongo, waliotoka pande zilizokuwa zinapigana, walikutana Nairobi na kupatana neno moja kabla ya mazungumzo ya Sun City. Goma wakati ule ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD. Matunda yakaonekana katika katiba ya 18 Februari 2006: kifungu cha 14 kinaamuru Serikali iondoe ubaguzi wote juu ya mwanamke na kuhakikisha usawa wa hesabu katika vyeo. Lakini sheria ya uchaguzi ya mwaka uleule ilisema kwamba orodha ya chama isiyofuata usawa huo haitakataliwa. Mkono mmoja ulitoa, wa pili ukarudisha.

Kisha kusanyiko likaja kwetu. Toka 6 mpaka 23 Januari 2008, watu zaidi ya 1,000 walikusanyika Goma, katika Chuo Kikuu cha ULPGL, kwa mwaliko wa Serikali, juu ya amani ya Kivu zote mbili. Aliyeongoza ni padri mwenzetu, Apollinaire Malu Malu, wa jimbo la Butembo-Beni. Vikundi vya silaha viliahidi kwa sahihi kwamba vitaacha kuwatenda jeuri raia, kwanza wanawake na watoto. Ahadi ile haikumaliza mwaka: Agosti vita vilianza tena, na Oktoba vilifika karibu na mji. Hata hivyo silitupi kusanyiko lile. Walau liliyataja mateso ya wanawake mbele ya wale walioyatenda.

Sheria ya usawa ilitoka 1 Agosti 2015. Lakini kwa mama wa Kituku, siku kubwa ni 15 Julai 2016, Sheria ya Jamaa ilipotengenezwa upya na ruhusa ya mume ikafutwa. Sasa mume na mke wanapaswa kupatana. Mume amebaki kichwa cha nyumba katika kifungu cha 444. Ni wangapi kati yetu tumelieleza badiliko hili kwa wachumba tunaowafundisha? Katika mabaraza ya parokia zetu wamama hufagia, hukusanya sadaka na kutembelea wagonjwa, na kiti cha mbele hukalia mwanaume.

Mwezi wa Novemba 2021 wakuu wa Afrika walikutana Kinshasa, wanaume wakizungumza juu ya mwenendo wa wanaume. Na Juni 2024 serikali ya Judith Suminwa, mwanamke wa kwanza kuwa waziri wa kwanza, ilianza kazi.

Mwaka uleule wa 2024 vita vilikata njia ya gari kati ya Goma na Minova, na wachuuzi wakabaki na ziwa tu. Tarehe 3 Oktoba mashua iliyotoka Minova imejaa kupita kiasi ilipinduka karibu na Kituku, watu wa bandarini wakitazama. Gavana wa Kivu ya Kusini alitaja wafu 78 kati ya watu 278. Kesho yake wamama walikuwa kando ya maji, wakitafuta wenzao.