Kabla Ucheke Stori ya Mumiani

Ukisikia mtu wa Pwani akiwaita watafiti wa afya mumiani, usicheke. Hilo neno lina historia. Enzi za mkoloni, stori za mumiani wanaonyonya watu damu zilienea Afrika Mashariki. Na manze, serikali iliyochukua ardhi na kodi bila kuuliza mtu ingeshindwa aje kuchukua damu?

Kwa hivyo kituo cha utafiti cha KEMRI kilipoanza Kilifi 1989, hofu ilikuwa imetangulia. Watoto walitolewa damu ya utafiti, wazazi wakabaki wakiulizana: inaenda wapi? Inauzwa?

Miaka ya 2000 ndiyo wanakijiji wakaanza kuchagua wawakilishi wao wa kukaa na watafiti, kupeleka maswali ya majirani na kurudi na majibu. Mimi naona hao wawakilishi walizaliwa na ule uvumi. Uvumi haukuwa ujinga. Lilikuwa swali lililokosa mtu wa kulijibu.

Lakini kusikilizwa ni nusu tu. Mwakilishi akisema "hapana, hii haitufai," utafiti unasimama? Wakija mtaani kwenu, anza na hilo swali.