Kadi ya uchaguzi ilifika aje ku telefoni zetu?

Jaribu kupotesha telefoni hapa Mapendo, kisha uende kuomba namba yako irudi. Swali la kwanza: "Kadi yako ya uchaguzi iko wapi?" Hakuna mwenye anashangaa. Lakini kadi ya kupigia kura ilifika aje kulinda namba, feza na WhatsApp?

Inchi yetu ilihesabu watu mara ya mwisho mwaka 1984. Miaka mingi ilipita bila kadi ya utambulisho ya taifa. Mwaka 2005, Tume ya Uchaguzi ikaanza kuandikisha watu: picha, alama za vidole, kompyuta mpaka vijijini. Zaidi ya watu milioni 25 wakaandikwa. Juu hakukuwa kadi ingine, ile ya uchaguzi ikashika nafasi "kwa muda". Huo muda ungali unaendelea!

Kisha, mwaka 2012, M-Pesa ikaingia Congo. Namba ya telefoni ikakuwa mufuko wa feza. WhatsApp nayo inafuata namba, na ukisahau neno la siri la email, kodi inakuja ku namba ileile. Sisi wa agronomia tunaita hii grefe: matawi mengi ku shina moja, na shina lenyewe lilipandwa kwa kazi ingine. Hakuna mwenye aliikaa chini akaipanga hivyo.

Kadi ikibadilishwa, kama vile mwaka 2023, ya zamani unaiweka ku sanduku, lakini SIM inabaki na habari za siku uliinunua. Hiyo ni taabu ndogo. Kubwa ni ya Masisi na Rutshuru: mwaka 2023 vita vilizuia watu kujiandikisha, na uchaguzi wa Desemba haukufanyika kule. Kijana mwenye alitimiza miaka 18 wakati ule, akakimbilia Goma, hana kadi. Ananunua SIM kwa jina la mjomba. Feza ni zake, jina si lake.

Mwisho wa Januari 2025 M23 ikaingia Goma, banki zikafunga. Kwa watu wengi telefoni njo ilibaki banki. Mwenye SIM yake ilipotea siku zile, na iko kwa jina la mjomba, ilibidi amutafute mjomba kwanza, hata kama mjomba alishavuka mupaka.