Unga wa Manamba



Wapendwa, mahindi ni mgeni pwani kwetu: asili yake ni bara la Amerika. Mkonge nao uliletwa mwaka 1893, ukapandwa Kikogwe, Pangani. Mashamba yalipoenea hadi Kigombe, walikuja vibarua kutoka mbali, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Pamoja na ujira walipimiwa posho: unga wa mahindi, waliousonga kambini baada ya kukata mkonge juani.

Leo ugali ni chakula cha nyumbani, nasi tunaula kwa samaki bila kuwakumbuka. Wengi wao hawakurudi kwao. Mwenyezi Mungu hakuwajua kwa namba, bali kwa majina. Je, anayetusongea ugali leo, tunalijua jina lake kamili?